Kipupwe cha Newala, kwa miguu

Watu wa Mtwara mjini hawaamini sana kwamba mkoa wao una baridi. Ukiwaambia kwamba mwezi Julai sisi wa Newala tunalala na mablanketi mazito, na vijana wa bodaboda wanaendesha wakiwa wamefunga majaketi hadi kidevuni, wanadhani umechanganya habari zetu na za Makete. Kwao kipupwe ni upepo wa kusi tu, unaochafua bahari na kupandisha bei ya samaki. Lakini sisi tuko juu. Kutoka pwani ardhi inapanda polepole, unapita Nanyamba, Tandahimba, Mahuta, mpaka unapofika Newala uko zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, kwenye ukingo wa kusini-magharibi wa uwanda wa juu wa Makonde. Mpando wenyewe huuhisi. Unachokiona ni abiria mmoja anafunga dirisha la basi, halafu wa pili, halafu basi zima.

Mvua za kwetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili, mara nyingine zinagusa Mei. Baada ya hapo anga linafunguka, upepo unageuka, na kuanzia Juni hadi Agosti mji huu unakuwa mwingine. Si baridi ya Njombe, ya barafu kwenye majani. Ni baridi ya umande, ya manyunyu yasiyofikia kuitwa mvua, ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Ndiyo majira ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu ndiyo majira ya kutembea. Jua halichomi, mchanga wa njiani umeshikana kwa unyevu, na kila unakopita unamkuta mtu anafanya kazi isiyofanyika wakati mwingine wowote wa mwaka.

Tumezoeshwa kuamini kwamba matembezi ni mambo ya wenye magari na ya hifadhi za taifa. Mtu anaweza kuzaliwa Newala, akasoma Newala, akaoa Newala, na asiwe amewahi kusimama ukingoni alfajiri akalitazama bonde la Ruvuma. Hilo linaniuma. Vitu ninavyotaka kuvieleza hapa havina tiketi wala geti. Vingi unavifikia kwa miguu na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Nianze na Shimo la Mungu, lile bonde lililo chini ya ukingo wa mji wetu, kwa kuwa ndilo jina ambalo hata wageni wamelisikia. Wengi wanalifikia saa sita mchana, wanapiga picha mbili, wanaondoka wakisema ni bonde tu. Mchana kweli ni bonde, kubwa na zuri, lakini bonde. Liendee asubuhi ya Julai. Mwezi huo jua kwetu linachomoza karibu saa moja kasoro robo, hivyo huhitaji kuamka usiku wa manane. Toka nyumbani saa kumi na mbili ukiwa na koti na kitu cha kufunika masikio, maana upepo wa ukingoni si wa mzaha, kisha simama mahali pa usalama, mbali kidogo na mteremko. Mbele yako hakuna bonde. Kuna ukungu mweupe uliolala kutoka chini ya miguu yako hadi Msumbiji, umejaa kama sufi iliyopasuka kwenye kitumba chake, na vilele vya vilima vimechomoza juu yake kimoja kimoja.

Sababu yake ni rahisi na inapendeza kuijua ukiwa umesimama hapo hapo. Usiku wa kipupwe anga halina mawingu mengi, kwa hiyo joto la ardhi linapotea upesi. Hewa iliyopoa ni nzito. Inateleza kutoka uwandani kwenda chini, inajikusanya bondeni ambako kuna unyevu wa mto na wa mabwawa, na unyevu huo unageuka ukungu. Ndiyo maana watu walioko bondeni asubuhi hiyo wanatetemeka zaidi kuliko wewe uliyeko juu. Jua linachomoza nyuma yako, upande wa Mahuta, hivyo mwanga haugusi kwanza pale uliposimama. Unagusa vilima vya mbali, vya ng'ambo, ndipo unarudi kwako hatua kwa hatua. Inapofika saa tatu ukungu umeanza kuchanika. Kinatokea kipande cha shamba, kinatokea kijiji na moshi wake, na siku hewa ikiwa safi unauona mto wenyewe, mstari wa mchanga mwingi na maji machache, kwani kiangazi Ruvuma huwa inaonyesha tumbo lake. Wakati huo mwewe nao wanaanza kazi. Upepo ukigonga ukingo unalazimika kupanda, na wao wanatandaza mabawa na kupandishwa nao bila kupiga hata mara moja.

Ningekuwa na sauti kwenye shule za hapa mjini, ningeomba kila darasa la jiografia liletwe ukingoni mara moja kila kipupwe. Ukungu, mteremko, upepo unaopanda, mto wa mpakani: vyote viko hapo, na mwalimu hana haja ya kuchora.

Mpaka wenyewe unastahili kufikiriwa pia. Wamakonde wako huku na wako kule. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, ni mto huo huo watu waliouvuka usiku wakiwa na watoto mgongoni, na familia nyingi za wilaya hii zina bibi au babu aliyekuja wakati huo na hakurudi tena. Siku hizi kuna Daraja la Umoja kule Mtambaswala, Nanyumbu, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010. Lakini mtu wa Newala akisimama ukingoni na kunyoosha mkono kuelekea ng'ambo, mara nyingi anamwonyesha ndugu, haonyeshi nchi.

Sasa korosho. Hapa nitakaa.

Alfajiri ya kipupwe huku kwetu ina mlio wake, nao ni wa mashine za kupulizia dawa. Kabla jogoo hajamaliza, unaisikia moja upande wa bondeni, nyingine inaitikia nyuma ya msikiti, ya tatu mbali kabisa, hadi mji mzima umezungukwa. Mgeni akilala Newala kwa mara ya kwanza mwezi Julai huuliza kuna nini. Kuna salfa.

Mjomba wangu ana shamba la mikorosho nje kidogo ya mji, na kila kipupwe ninakwenda naye walau mara chache, kwa kuwa sijaona kitu kizuri kukizidi. Tunatoka giza halijaondoka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umejifunika vizuri? Leo umande umeshuka kweli."

Umande ndio anaoutaka. Salfa ni unga. Mashine inaurusha juu ya mti, wingu la njano hafifu linatanda kwenye matawi, na unga unanata pale penye unyevu. Ukichelewa, umande umekauka na upepo umeanza, dawa yako inakwenda kwa jirani. Hivyo kazi yote inabanwa ndani ya masaa machache ya alfajiri, na inarudiwa kila baada ya wiki mbili hivi muda wote wa maua. Mmoja anabeba mashine mgongoni, mwingine anapima na kumimina unga, watoto wakubwa wanashika taa. Wote wamefunga vitambaa puani. Ukienda kutembea mashambani msimu huu, fanya vivyo hivyo, na usiingie kwenye shamba linalopulizwa bila kumwambia mwenyewe. Salfa inawasha macho na kifua.

Adui anayepigwa vita ni ubwiri unga, ukungu mweupe wa ugonjwa unaoshika machipukizi na maua machanga yakanyauka kabla hayajafunga korosho. Na hapa ndipo kipupwe kinaponishangaza kila mwaka. Mkorosho unahitaji majira haya makavu na ya baridi ili utoe maua. Ubwiri unga nao unapenda baridi hii hii na umande huu huu. Na dawa inayoua ubwiri inanata kwa sababu ya umande ule ule. Asubuhi moja ya baridi inaleta ua, inaleta ugonjwa wa ua, na inaleta namna ya kuutibu. Mkulima anasimama katikati ya mambo hayo matatu akiwa na mashine mgongoni.

Wazee hawazungumzii ubwiri kwa wepesi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi chini ya tani 17,000. Bei zilikuwa mbaya, watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao wakati wa Ujamaa, mashamba yakawa mapori, kisha ugonjwa ukaingia na kumalizia. Mjomba anasema kuna miti waliikata wakachoma mkaa. Kilichorudisha korosho ni bei kubadilika na pia elimu ya salfa, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, pale nje ya Mtwara, wana sehemu kubwa katika hilo. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 313,000. Mlio ule wa alfajiri ninausikia nikiwa na hesabu hizo kichwani, na haunikeri hata kidogo.

Kabla hakujapambazuka, wakati mashine inajazwa mafuta, mjomba huinua kidole kuelekea mashariki na kunionyesha Kilimia. Kile kishada cha nyota ndogo kinapotea magharibi jioni za mwezi wa tano, mvua zikiwa zinaaga, na kuanzia Juni kinaanza kuonekana alfajiri upande wa mashariki. Wahenga walikwisha kusema: Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mjomba hana kalenda ya ukutani. Akikiona kimepanda kiasi fulani anajua raundi ya kwanza ya salfa imewadia.

Halafu kunakucha na unayaona maua. Ua la korosho ni dogo sana, jeupe likianza na lenye michirizi ya waridi linapokomaa, ila linakuja kwa vishada, na mti mzima unabadilika rangi. Harufu yake ni tamu, na asubuhi kama hiyo imechanganyika na ukali wa salfa. Nyuki wanafika jua likipata nguvu. Ndege chozi wanafika pia, wadogo, wanang'aa kijani na zambarau wakigeuka. Ukikaa kimya chini ya mkorosho mmoja kwa nusu saa utaona mengi kuliko mtu anayezunguka shamba zima.

Sokoni sitakaa sana, ingawa ndiko kipupwe kinakoonekana kwa urahisi zaidi. Wauza mitumba wamepandisha masweta na majaketi mbele na kurudisha nyuma magauni. Mbaazi mbichi zimefika, zinachemshwa na maganda yake kwa chumvi, na unakula ukizitoa moja moja huku unazungumza, kwa hiyo ni chakula cha watu wasio na haraka. Juu ya mapaa na kwenye mikeka makopa ya muhogo yanakauka, meupe, yakingoja kutwangwa yawe unga wa ugali. Jioni muuza kahawa anapita na dele lake, makaa yanawaka chini, kashata ziko kwenye kopo, na mabao yanasogezwa karibu na ukuta ili wachezaji wakwepe upepo.

Ila ming'oko lazima niiseme. Hivi ni viazi vya porini, vyembamba na virefu, vinavyochimbwa vichakani na akina mama na watoto. Vinaoshwa, vinachemshwa kwa chumvi, vinauzwa kwa mafungu vikiwa bado vina moto, na pilipili pembeni kwa anayetaka. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kumaliza maisha yake bila kuionja. Kwetu kipupwe bila ming'oko hakijatimia. Mama ninayenunua kwake amenieleza kwamba mchimbaji mzuri hang'oi yote. Anaacha kichwa cha mzizi na kurudishia udongo ili mwakani arudi pale pale. Wanaochimba kwa pupa, anasema, ndio wanaowafanya wenzao waende mbali zaidi kila mwaka. Ukimnunulia mtu ming'oko, muulize ameitoa wapi na ameichimba vipi. Watu wanafurahi kuulizwa kazi yao.

Matembezi ninayoyapendekeza kwa mwenye miguu imara ni kushuka chini ya ukingo hadi kwenye mabonde yenye maji, kisha kupanda tena. Njiani utaelewa historia ya mji huu kuliko ukiisoma. Uwanda wa Makonde hauna mito. Udongo wake ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama, na maji yanakuja kutokea chini kwenye mabega ya uwanda na mabondeni. Sasa kwa nini watu wengi hivi wakaamua kuishi juu, mbali na maji?

Wamakonde wana simulizi yao, na imeandikwa tangu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hapo mwanzo alikuwepo mtu mmoja peke yake porini. Akachonga mti ukapata umbo la mwanamke, akausimamisha, na ule mti ukawa mwanamke hai. Wakaishi karibu na Ruvuma, mwanamke akajifungua, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, mtoto wa pili akafa. Wakapanda tena hadi uwandani, na mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo wakaagizwa wasikae mabondeni wala penye maji makubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na kifo. Mimi ninaiheshimu simulizi hiyo. Inawakumbuka mbu, na inawakumbuka maadui, kwani juu uwandani, ndani ya vichaka vizito, ilikuwa vigumu kuvamiwa. Hata wamisionari wa Kianglikana, akina Chauncy Maples, walipovamiwa na Wangoni pale Masasi mwaka 1882, walikimbilia huku Newala kwa chifu Matola.

Gharama ya usalama huo waliilipa wanawake. Walishuka gizani na mitungi mitupu, wakapanda na mitungi iliyojaa, kila siku ya Mungu. Bibi yangu aliniambia kwamba kipupwe ndicho kilikuwa kibaya, kwa kuwa umande uliwalowesha hadi kiunoni na jua lilichelewa. Baadaye ulikuja mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka chanzo cha Mitema, upande wa Kitangari, kuyapandisha uwandani, na shida ikapungua. Haijaisha. Ndoo na madumu bado unayaona kwenye foleni. Nenda ukashuke mteremko huo mwenyewe, bila mzigo wowote. Chini utakuta kijani kibichi wakati juu kumeanza kukauka: migomba, miwa, majimbi, matuta ya mchicha na figiri. Nunua miwa, pumzika, kisha anza kupanda. Ukifika katikati ya mteremko na pumzi imekwisha, utamkumbuka bibi yangu na bibi yako.

Juni na Julai ndio wakati wa jando na unyago pia. Shule zimefungwa, mavuno yameingia, ufuta umeuzwa mnadani na mifuko ina kitu. Utakutana na misafara barabarani: ngoma, vigelegele, pikipiki zimepangana, na wali waliotoka kumbini wamevaa nguo mpya kabisa na miwani ya jua, wamefunikwa miavuli, nyuso zimekazwa kama walivyoagizwa. Watu wanawatunza pesa. Mahali pengine bahati ikiwa nzuri utaona mapiko, wachezaji waliofunika vichwa kwa vinyago vya mti, na hakuna anayetakiwa kujua ni nani yuko ndani. Simama pembeni, furahia, na kama una chochote tunza. Kumbi zenyewe usizisogelee kama hukualikwa. Kuna yanayofundishwa mle ambayo si ya kila mtu, na ninaona ni haki yabaki hivyo.

Kuna wakati wageni walitaka mambo haya yafutwe. Huku kusini ilikwenda tofauti kidogo. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, hakulipiga jando marufuku. Alilichukua akaliingiza ndani ya Kanisa, likawa na sala zake. Watu wanabishana mpaka leo kama alifanya vema au alilipunguza, lakini mimi nikiona msafara wenye ngoma na msalaba ukipita barabara moja na msafara wenye dufu, ninafurahi kwamba hakuna aliyefanikiwa kulizima.

Ukipata siku nzima, panda gari la Masasi. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi ina kilomita 210, na kipande chetu cha mwisho ndicho kizuri zaidi kwa macho, kwa sababu unashuka kutoka uwandani na ghafla ardhi inakuwa tambarare yenye majabali makubwa yaliyosimama peke yake. Masasi iliota katikati ya majabali hayo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akiwa na nia ya kuwafikisha hadi ziwa Nyasa, na wakaishia hapo. Asubuhi za kipupwe mawe yanashika baridi, na mchana ukiyagusa yameanza kuwa vuguvugu, na watoto wanapenda kulala juu yake. Lupaso, alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa Julai 2020, nako ni Masasi hiyo hiyo. Nakumbuka wiki ile. Watu wa Newala walishuka kwa wingi wakiwa na mashuka mabegani, kwa sababu walijua usiku wa Julai ulivyo.

Mwishoni mwa Agosti utasikia tofauti. Mchana unapata joto, ukungu wa bondeni unachelewa kutanda na kuwahi kutoweka, na badala ya vishada vya maua unaanza kuona korosho changa za kijani zimening'inia peke yake, bibo likiwa bado halijavimba. Mbaazi zinakauka na kuvunwa. Masweta yanarudi nyuma ya meza sokoni.

Kabla hayo hayajafika nina safari moja ninayoipanga, ya Rondo, upande wa Lindi. Nako ni uwanda wa juu, wenye baridi na msitu, na ndiko lilikotoka jina la komba wa Rondo, komba mdogo kuliko wote duniani. Ana uzito wa gramu 60 hivi tu, na anaishi katika misitu michache ya pwani ya nchi yetu. Anatoka usiku, kwa hiyo nitahitaji mwenyeji wa kunipeleka, tochi, na koti zito kuliko hili la Newala. Nimeshaulizia magari. La Lindi linaondoka alfajiri, na dada yangu amekubali twende wote.